Mbona huyo kijana analia?

Jumamosi usiku. Sauti ya shangazi bado haijanitoka masikioni.

Ilikuwa Jumanne. Nimefika mji wa Luca kwenye gemu ya Final Fantasy X, mara ya nne sasa (mnajua kila kazi ikinielemea narudi kwa gemu hii), na ile sehemu ya kicheko ikawadia. Tidus, kijana shujaa wa gemu, kafungua kinywa: "Ha! Ha! Ha! Ha!" Shangazi alikuwa anapita na kikapu cha nguo, akasimama mlangoni.

"Mbona huyo kijana analia?"

"Halii, shangazi, anacheka. Aliyeigiza sauti tu hakujua kazi."

"Mimi nimesikia analia."

"Aa, ni gemu tu."

Akaenda zake.

Wiki hii nimehamishwa idara, mdogo wangu kafaulu mtihani, mama karudi nyumbani salama, na yote nimeyapokea kwa shukrani. Lakini nikizima taa tu, naisikia kauli yangu mwenyewe. Hakujua kazi. Ni gemu tu. Mimi, niliyejifunza kupenda hadithi kwa kuwasikiliza watu hawa! Na hilo neno la "hakujua kazi" wala si langu. Nimeliokota kwa wanaokata kile kipande peke yake, sekunde chache, wakapeana mtandaoni wacheke.

Sauti ya Tidus kwa Kiingereza ni ya James Arnold Taylor. Muda mfupi kabla ya pale, Auron, mwenzake wa safari, amemwambia kijana kwamba Sin, dubwana linaloteketeza miji, ndiye baba yake mzazi. Yuna, msichana anayesafiri naye, anamwona amevunjika, anamwomba ajaribu kucheka kwa nguvu hata kama moyo hautaki. Ndipo anapojilazimisha. Kicheko kinatoka kikavu kwa sababu ndivyo kinavyotakiwa kutoka. Kisha wanacheka kweli, wote wawili, na hicho cha pili hakuna anayekikata akipeleke popote.

Shangazi haelewi hata neno moja la lugha ile. Alisikia pumzi tu, na pumzi ikamwambia ukweli.

Jumatano nilirudia nikiwa nimefumba macho. Kila "ha" inasukumwa peke yake, kama mtu anayeviringisha jiwe, halafu ya Yuna inaingia juu yake. Nikajikuta nimeshika shavu. Na kumbuka hii ni 2001, gemu ya kwanza katika mfululizo mkuu wa Final Fantasy kuwa na sauti za waigizaji. Maneno ya Kiingereza ilibidi yabanwe ndani ya muda uliokwisha pimwa kwa Kijapani. Waigizaji wa gemu wengi hurekodi kila mtu peke yake, kipaza sauti mbele, mwenzake hayupo. Kumjibu mtu asiyekuwepo, na msikilizaji aamini yupo! Hiyo ni kazi, na wanaijua.

Sauti ikiharibika kweli, unaisikia. Chukua gemu nyingine, Oblivion, ya 2006: omba-omba anakulilia kwa sauti iliyokwaruza, unamuuliza habari za mji, anakujibu kwa koo safi la mtu mwingine kabisa. Humo humo Patrick Stewart ni mfalme, anauawa mapema, na mji mzima unabaki kugawana makoo machache. Hapo simlaumu mwigizaji hata mmoja; namlaumu aliyepanga.

Jana nikamfuata shangazi jikoni nikamwambia alisikia sawasawa, yule kijana alikuwa na msiba wa baba. Akafuta mikono taratibu.

"Si nilikwambia. Na huyo msichana alimnyamazisha?"

"Alicheka naye."

"Ee. Vizuri."

Basi, nimefurahi tangu jana mpaka sasa. Kesho ameomba nimwonyeshe tangu mwanzo, nimtafsirie.

Paka tu hajaonekana tangu asubuhi. Nimetoka na tochi mara mbili, na bakuli lake liko vile vile nilivyoliacha.