Siku moja maishani mwangu: mlinzi wa seva zisizoshikika

Nyumbani kwetu wanasema ninafanya kazi ya "kompyuta", na jirani yangu huniletea simu zilizopasuka kioo akiamini kwamba nitazitengeneza. Kazi yangu hasa ni kusimamia seva pepe, yaani kompyuta za kuhudumia wateja zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine. Tuna kompyuta mbili kubwa katika kituo cha data hapa Dar es Salaam, ambazo zimegawanywa kwa KVM, teknolojia iliyomo ndani ya kerneli, yaani kiini, cha mfumo endeshi wa Linux tangu mwaka 2007, zikawa kompyuta 31 ambazo kila moja hujiona iko peke yake. Ni wapangaji thelathini na mmoja katika nyumba mbili, na mshika funguo ni mimi. Wengi wao sijapata kuwaona kwa picha wala kwa kitufe cha kubofya. Huonana nao katika dirisha jeusi, ambamo ninaandika amri na wao wananijibu kwa maandishi.

Saa 12:10 asubuhi, kabla sijanawa uso, niliingia kupitia simu kwa SSH, njia salama ya kuiamuru kompyuta ukiwa mbali, na kuandika `virsh list --all`, amri inayoorodhesha mashine zote na hali zao. Zote zilikuwa "running", yaani zinafanya kazi. Nikaoga, nikapanda daladala, na saa 2:00 nilikuwa ofisini na chai yangu.

Hadi saa nne nilimjengea mteja mpya mashine moja, nikasasisha programu katika mashine tano na kujibu barua pepe. Barua moja iliomba tuizime mashine fulani "saa nane" bila kutaja usiku au mchana. Nilipiga simu kuuliza, maana nimekwisha kuchomwa na jambo hilo. Seva zetu hufuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa nane usiku ya mteja ni 23:00 ya seva, tena ya tarehe iliyotangulia, na saa nane mchana ni 11:00. Anayeandika ratiba bila kuhesabu kwa vidole ataizima mashine ya watu wakati duka limejaa.

Saa 4:25 simu yangu ililia kwa tahadhari nyingi mfululizo. Niliiandika tena ile amri ya alfajiri, nikaona mbele ya majina kumi na mawili neno "paused", yaani zimesimamishwa. Mashine hizo hazikuwa zimezimika. Zilikuwa zimeganda, kila moja katikati ya tendo lake, kama mtu aliyenyamaza huku kinywa kikiwa wazi. Zinapoganda nyingi kwa pamoja, ugonjwa kwa kawaida haumo ndani yao bali katika kompyuta inayozibeba, na `df -h`, amri inayoonyesha nafasi ya diski, ilithibitisha hivyo: diski ilikuwa imejaa kwa asilimia 100. Mashine pepe inapotaka kuandika na kukosa nafasi, mfumo huisimamisha makusudi ili isipoteze ilichokuwa ikiandika. Ganzi ile, kwa hiyo, ilikuwa kinga, ingawa hakuna mteja anayependa kuelezwa hivyo.

Lazima nikiri hapa kwamba tunaahidi kuliko tulicho nacho. Jumla ya diski tulizowagawia wapangaji wa kompyuta ile ni terabaiti 6, ilhali diski yenyewe ni ya terabaiti 4, kwa kuwa faili za qcow2, ambazo ndizo diski za mashine pepe, hukua kadiri zinavyoandikwa na si rahisi wote wazijaze kwa wakati mmoja. Benki nazo huishi kwa hesabu hiyo, zikiomba wenye akiba wasije wote siku moja.

Dakika mbili baadaye alipiga mzee mwenye maduka saba ya dawa. Hata mtu akiwa na hasira, shikamoo haina budi itangulie, nami niliitoa. Aliipokea kwa haraka kisha akasema, "Mwanangu, hebu niitie fundi mwenyewe."

"Fundi ni mimi, mzee."

Kukawa kimya kidogo. "Basi zima uwashe. Mwaka jana ilikuwa hivi hivi, mkazima mkawasha, ikapona."

Nilimweleza kwamba mashine yake imesimama huku kumbukumbu yake ikiwa imeshika mauzo ambayo hayajafika kwenye diski, na kwamba kuizima ni kuchomoa waya ukutani. Amri ya kufanya hivyo huitwa `destroy`, jina ambalo humtetemesha kila anayeanza kazi hii, ingawa haifuti diski. Ya kuogopwa zaidi ni `undefine` yenye sauti ya upole, kwa maana ukiiongezea maneno machache huondoka na diski zote. Mzee hakutaka somo hilo. Alitaka risiti zitoke, na wagonjwa walikuwa wamepanga foleni mbele ya wauzaji wake, kwa hiyo sikuweza kumlaumu. Lakini alipiga tena baada ya dakika tatu, kisha nne, kisha akampa namba yangu mhasibu wake, naye akaanza kupiga. Nilihesabu simu tisa. Kila simu ilinitoa mahali nilipofika katika kusoma, nami kusoma ndiko kulikotakiwa. Ningeweza kuongeza nafasi mara moja, kwa sababu nilipoiandaa kompyuta ile niliacha gigabaiti 60 za akiba zisizogawiwa yeyote, wakubwa wakaniona mbahili. Hata hivyo, kama kulikuwa na kitu kinachoandika bila kukoma, akiba hiyo ingemezwa kabla ya adhuhuri, nasi tungebaki bila pa kukimbilia.

Nikaanza kupima faili moja baada ya nyingine kwa `du`, na saa 4:50 nilimpata mwenye kosa: faili ya gigabaiti 240 yenye jina la mashine ya mzee yule yule, likifuatiwa na "kabla-ya-mabadiliko". Ilikuwa snapshoti. Mwenzangu aliichukua wiki tatu nyuma kabla ya kusasisha mfumo wa mauzo, ili mambo yakiharibika tuweze kurudi nyuma. Tangu siku hiyo diski ya awali ilibaki haiguswi, na kila kilichoandikwa kikawa kinarundikana katika faili mpya pembeni. Mabadiliko yalikwenda vizuri, akasahau kuziunganisha. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Baada ya kujua kwamba hakuna mafuriko bali rundo lililokua polepole, niliitoa akiba yangu kwa `lvextend -r`, kazi ya sekunde chache, kisha nikaziamsha mashine moja moja kwa `virsh resume`, nikianza na ya dawa. Ilikuwa saa 5:03. Ziliendelea pale pale zilipokomea, pamoja na saa zao, ambazo sasa zilikuwa nyuma kwa dakika 38. Nilizirekebisha kwa `virsh domtime --sync`, lakini tayari risiti kadhaa zilikuwa zimetoka na muda wa zamani, na mhasibu akapata sababu ya kupiga simu ya kumi.

Mchana ulipita namna hiyo. Nilikula wali uliopoa, nikaandika ripoti, nikaombwa na watu watatu niieleze kwa maneno yangu ile ile ripoti niliyokwisha kuiandika. Giza lilinikuta kituoni nikisubiri daladala, macho yakiniwasha.

Kuunganisha kulikuwa bado, na nakala rudufu za usiku huanza saa sita na kuhitaji nafasi. Maduka yalipofungwa niliketi kitandani na kuandika `virsh blockcommit`, nikiitaka inionyeshe asilimia. Ilipanda kama mzee anayepanda ngazi: 4, 4, 5. Nilikuwa nimefungua kikao ndani ya tmux, programu inayoendelea kubaki hai kule kwenye seva, ili intaneti ya nyumbani ikikatika kazi isikatike, nayo ilikatika mara mbili. Ilipofika 100, `domblklist` ilinionyesha kwamba mashine imerudi kwenye diski yake ya awali. Faili la pembeni halijifuti lenyewe. Nililiandika jina lake baada ya `rm`, amri ya kufuta, nikalisoma mara tatu kutoka kulia kwenda kushoto, ndipo nikabonyeza. Diski ikashuka hadi asilimia 94.

Bado ilikuwa juu mno. Nilitafuta snapshoti nyingine zilizosahauliwa, nikapata mbili. Moja ilikuwa ya mwenzangu tena. Ya pili ilikuwa na umri wa miezi miwili, gigabaiti 90, na mwishoni mwa jina lake nilikuta herufi za jina langu.