Mashabiki wa K'Ogalo Huhesabiwa Wapi?

Hapa Kisumu ubishi kuhusu wingi wa mashabiki wa Gor Mahia, klabu ya soka iitwayo pia K'Ogalo, hauishi. Mmoja hutaja mamilioni, mwingine hutoa simu na kuonyesha picha ya majukwaa matupu ya mechi ya Jumatano alasiri. Kwa maoni yangu, hesabu ya mlangoni haijawahi kuitendea haki klabu hii.

Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa masimulizi ya Waluo, na makao yake yamekuwa Nairobi ilhali wafuasi wake wengi wako huku kando ya ziwa. Mkazi wa Ahero au Homa Bay anayetaka kwenda uwanja wa Kasarani, Nairobi, hulipa nauli inayozidi kiingilio mara kadhaa, kwa hiyo hubaki na redio yake, wala hatokei katika idadi yoyote ya waliohudhuria.

Siku inayotajwa zaidi ni ya fainali ya Kombe la Washindi Barani Afrika mwaka 1987, iliyochezwa Kasarani, uwanja wa watu wapatao 60,000 uliokuwa umejengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka huohuo. Baada ya sare ya 2–2 dhidi ya Espérance mjini Tunis, sare ya 1–1 nyumbani iliipa Gor kombe kwa mabao ya ugenini. (Wazee wanaoapa kwamba walikuwamo siku ile wangejaza viwanja vitatu.)

Hata hivyo, ninaona ushahidi mzito zaidi katika miaka ya ukame. Baada ya taji la ligi la mwaka 1995, klabu ilikaa hadi 2013 bila kulitwaa tena. Oktoba 2010, katikati ya ukame huo, watu saba walifariki katika msongamano kwenye lango la uwanja wa Nyayo, siku ya mechi ya Mashemeji, yaani ya watani wa jadi, dhidi ya AFC Leopards. Ni kweli kwamba Ingwe, yaani Leopards, nayo ilileta watu wake, lakini klabu ambayo haikuwa imeshinda ligi kwa miaka 15 bado ilivuta umati ambao malango hayakuweza kuuhimili.

Gor inapokuja kucheza Moi Stadium, bodaboda hupita zimefungwa matawi mabichi, jezi zisizo rasmi huning'inizwa ukutani tangu asubuhi, na hata mwenyeji akiwa timu ya hapahapa mjini, kijani cha Gor ndicho hutawala jukwaa. Wengi husubiri nje hadi kipindi cha pili, lango lilegezwe, waingie bure; hao nao hawamo katika mapato. Anayetaka kuujua ukubwa wa klabu hii aipangie mechi nyingi zaidi huku Kisumu, auze tikiti kwa simu siku kadhaa kabla, na asimamie lango hadi kipenga cha mwisho.