Nilivyokadiria kipato cha kaya ya katikati Lamu, mwaka hadi mwaka

Katika vikao vya bajeti ya kaunti watu hubishana kila mara: je, Lamu imepata nafuu tangu ugatuzi uanze 2013, au hali ni ile ile? Mmoja atataja bandari, mwingine atataja bei ya unga. Niliona bora nitafute jibu la kaya ya kawaida, na la kaunti nzima, kuanzia Kiunga hadi Witu.

Wastani niliuweka kando mapema. Tuseme mtaa una kaya tano, na kwa mwezi zinapata shilingi 8,000, 12,000, 15,000, 22,000 na 400,000, hii ya mwisho ikiwa ya mwenye hoteli Shela. Wastani wake ni 91,400, na wale wanne hakuna hata mmoja anayefikia robo ya kiasi hicho. Mediani, yaani kipato cha kaya iliyo katikati, ni 15,000. Kwa sababu hiyo hiyo sikutaka kuchukua pato la kaunti linalotolewa na KNBS, shirika la taifa la takwimu, nikaligawa kwa idadi ya watu. Thamani inayozalishwa hotelini au bandarini huhesabiwa kuwa ya Lamu hata faida yake ikiliwa kwingine.

Marekani, ofisi ya sensa hutoa mediani ya kila kaunti kila mwaka kupitia mpango wa SAIPE, unaochanganya tafiti za kaya na kumbukumbu za kodi. Huku njia hiyo haipiti. Mvuvi wa Kizingitini, mkulima wa Mpeketoni na fundi wa mashua wa Matondoni hawana karatasi ya mshahara. Kwa hivyo niliegemea tafiti kubwa za bajeti ya kaya za KNBS, ule wa 2005/06 na ule wa 2015/16, kisha tafiti endelevu za kaya zilizoanza 2019. Data za kaya moja moja, majina yakiwa yameondolewa, huombwa KNBS.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kumuuliza mtu kipato chake ni jambo gumu, na si kwa sababu anaficha. Mzee mmoja mvuvi nilipomuuliza apata ngapi kwa mwezi, alinijibu, "Mwanangu, waniuliza mwezi upi? Wa kusi au wa kaskazi?" Wakati wa kusi bahari imechafuka na mashua nyingi zimelala, kaskazi ikitulia ndipo pesa hupatikana. Tena kuna samaki wanaoingia jikoni bila kupita sokoni, makuti ya kuezekea, nazi za shambani. Kwa hivyo nilitumia matumizi ya kaya badala ya kipato kinachotajwa, na vya nyumbani vikathaminiwa kwa bei ya sokoni. Utafiti wa 2015/16 ulienea miezi kumi na miwili, kwa hivyo misimu yote miwili imo. Hilo kwangu ndilo lililoupa uzito.

Bei nazo. Mstari wa umaskini, yaani matumizi ambayo mtu akiwa chini yake huhesabiwa maskini, vijijini ulikuwa shilingi 1,562 kwa mtu mzima kwa mwezi mwaka 2005/06, na 3,252 mwaka 2015/16. Yaani kaya ya kijijini iliyotumia 10,000 ilihitaji karibu 20,800 miaka kumi baadaye ili ibaki palepale. Nilitumia uwiano huo, wa vijijini kwa vijiji na wa mijini kwa miji, kwa sababu umejengwa juu ya chakula ambacho watu wa hali ya chini hununua kweli.

Kupata mediani nilizipanga kaya kwa matumizi, nikajumlisha uzito wa kila moja (idadi ya kaya inazowakilisha) mpaka nikafika nusu ya kaya zote. Shida ni uchache. Utafiti wa 2015/16 ulilenga kaya zipatazo 24,000 nchi nzima, kama 500 kwa kaunti. Kwa hivyo nilichota upya maeneo ya utafiti kwa bahati nasibu, tena na tena, nikikokotoa mediani kila mara, na nikaandika kiwango cha chini na cha juu. Mtu akikupa mediani ya Lamu ikiwa tarakimu moja tupu, muulize upana wake.

Miaka ya katikati sikuijaza kwa mstari ulionyooka. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa. Februari 2018 marufuku ya kukata miti yaliwakuta wakataji wa mikoko na boriti zao. Mwaka 2020 Korona ikafunga hoteli. Mstari ulionyooka ungeyafuta yote hayo, kwa hivyo miaka isiyo na utafiti niliiacha wazi.

Mipaka haikunisumbua, maana wilaya ya zamani ya Lamu ndiyo kaunti ya leo. Wenzetu wa Malindi wana kazi zaidi: mwaka 2005/06 Malindi ilikuwa wilaya peke yake, sasa imo ndani ya Kilifi. Anayetaka kulinganisha aunganishe kaya za wilaya za zamani za Kilifi na Malindi kwanza, ndipo akokotoe mediani moja. Mediani mbili hazijumlishwi zikagawanywa kwa mbili.