Uso mwangani, giza nyuma: picha za sura za wanyama hapa Mombasa

Picha ya uso wa twiga uliozungukwa na giza tupu, kila ukope ukihesabika, humfanya mtazamaji aamini kwamba giza lile limepakwa kwenye kompyuta. Giza la kupakwa hujulikana upesi. Masikio huwa na mstari mweupe pembeni kana kwamba yamekatwa kwa mkasi, singa za shingo zimeliwa nusu, na mwanga wa usoni haufanani na mahali popote duniani. Giza zuri hutafutwa pale pale alipo mnyama, kabla kamera haijatoka mkobani. Kompyuta hulikamilisha tu.

Kwa mkaazi wa Mombasa, pa kujifunzia ni Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, na upandaji miti ulianza mwaka 1971, mivinje ikiwa ndiyo iliyokubali kushika kwenye mwamba ule mkavu. Historia hiyo ina faida kwa mpigapicha. Penye sakafu tupu ya matumbawe meupe, mwanga hudunda kutoka chini na kuingia kooni na chini ya taya, sawasawa na mtu anayekushikia shuka jeupe. Na mivinje iliyosongamana huwa pazia. Mnyama akisimama juani na nyuma yake kukawa na kivuli cha miti, tofauti ya mwanga hufika kama stopu 3 (kila stopu ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka maradufu), maana yake nyuma kuna moja ya nane tu ya mwanga ulio usoni. Ukipima uso, nyuma inaanguka gizani yenyewe.

Mivinje hiyo hiyo ina ubaya wake. Majani yake ni membamba kama sindano, na jua hupenya kwa vidoadoa. Doa moja la jua likitua kwenye paji la uso na jingine puani, picha hiyo iache. Hakuna brashi itakayoyaondoa bila kuacha alama. Ngoja mnyama asogee mpaka uso wote uwe juani au wote uwe kivulini.

Kuhusu saa: huku kwetu jua hupanda wima, na ifikapo saa 2 asubuhi mwanga laini umekwisha. Kama saa za lango zinakunyima mapambazuko, tafuta siku za mawingu. Miezi ya kusi huleta asubuhi nyingi za kijivu ambazo watalii huzilalamikia, lakini kwa sura za wanyama ndizo siku bora kuliko zote. Ngozi ya kiboko iliyolowa huwaka vipande vipande juani. Chini ya wingu huonyesha kila mkunjo.

Sasa vipimo. Kamera ikiona giza kubwa nyuma hudhani eneo lote ni jeusi, ikaongeza mwanga, na uso unaungua. Kwa hivyo tumia kipimo cha nukta, kinachopima sehemu ndogo tu ya picha, ukikielekeza usoni, au weka fidia ya mwanga kati ya stopu -1 na -2, kisha washa alama ya kuonya sehemu zilizoungua. Piga faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, kila mara. Weupe ukishaungua hakuna kitu cha kurudisha, ila weusi wa faili ghafi huinuka stopu 2 bila taabu ukianza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 400 au chini ya hapo.

Twiga anayekuja kulishwa jukwaani huwa karibu mno, na ndipo wengi wanapokosea. Mtu huja na lenzi ya mm 200, akafungua tundu la lenzi mpaka f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), na twiga yuko mita 2 mbele yake. Hapo kina cha ukali, yaani unene wa sehemu inayotoka kali, ni kama sentimita 1.5 tu. Jicho likiwa kali, pua ni ukungu. Tena mara nyingi hata jicho halipatikani, kwa sababu fokasi hunasa kope, ambazo kwa twiga ni ndefu na zimetangulia mbele. Rudi mm 100, funga mpaka f/8, na kwa umbali huo huo utapata kama sentimita 18: zatosha jicho, kope na sehemu kubwa ya shavu. Kwa twiga anayetafuna, kasi ya shata isiwe chini ya 1/500 ya sekunde. Kwa kobe wakubwa wa Aldabra 1/250 inatosha, ila ulale kifudifudi hadi lenzi ilingane na jicho lake. Kobe akipigwa kutoka juu huwa gamba tu, uso umepotea.

Jicho lolote lisilo na nukta ya mwanga ndani yake huonekana limekufa. Zunguka mpaka uione nukta hiyo kwa macho yako, ikiwezekana upande wa juu wa jicho, ndipo ubonyeze.

Penye uzio wa waya, gusisha mdomo wa lenzi kwenye waya wenyewe, tundu likiwa f/4 au wazi zaidi, na mnyama awe mita kadhaa nyuma ya uzio. Chagua kipande cha uzio kilicho kivulini. Waya uliopigwa na jua huacha utando mweupe katikati ya picha, na utando huo utaugundua nyumbani wakati mnyama hayupo tena.

Ukivuka feri ya Likoni kwenda Diani utampata mbega, na huyo ni mtihani. Mwili ni mweusi ti, mabega na mashavu yana manyoya marefu meupe. Pima weupe na uache weusi uzame. Mpangilio wa manyoya meusi utauinua baadaye. Ukifanya kinyume, manyoya meupe yanakuwa karatasi tupu.

Neno moja la hali ya hewa yetu. Kamera iliyolala chumba chenye AC ikitolewa nje asubuhi hufunikwa na mvuke papo hapo, wakati mwingine ndani ya lenzi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kutoka, uiache humo dakika 30 ipate joto la nje. Nyumbani ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika, unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Lenzi iliyosahauliwa kabatini huota kuvu kama utando wa buibui, na kuvu hula tabaka la kinga la kioo. Chumvi ya baharini usiipanguse kavu, maana inakwaruza. Tumia kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi.

Kuhariri, sisi hufuata mpango huu karibu kila mara. Kwanza rangi ya mwanga. Chini ya miti kila kitu hupata ukijani, hata weupe wa jicho, basi sogeza kitelezi cha rangi upande wa zambarau kidogo kidogo mpaka weupe wa jicho au jino uwe mweupe kweli. Hatua hii ikirukwa, kila unachofanya baadaye kinazidisha ukijani.

Pili, teremsha mwanga wa picha nzima kwa stopu nusu hivi, kisha tengeneza maski ya mnyama, yaani uteuzi unaomtenga na nyuma yake. Programu kama Lightroom humtambua mnyama yenyewe, lakini isiaminiwe kwenye masikio, singa na sharubu. Vuta picha hadi asilimia 200 na urekebishe kingo kwa brashi laini. Geuza maski, teremsha nyuma kwa stopu 1, tazama, kisha nusu stopu tena. Ukiteremsha stopu 3 kwa mkupuo mmoja, kile kimstari cheupe kinachozunguka masikio kinajitokeza. Kikijitokeza, chanzo chake ni majani angavu yaliyokuwa nyuma ya sikio, na dawa ni kupitisha brashi ya kutia giza juu ya ukingo wenyewe kwa nguvu ndogo. Wakati huo huo punguza ukolezi wa kijani na manjano huko nyuma. Kijani kilichotiwa giza bila kupunguzwa rangi huwa kama maji ya kisima cha zamani.

Tatu ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayotofautisha picha ya kawaida na ile inayofanana na mchoro wa rangi. Katika Photoshop, ongeza leya (tabaka la juu ya picha) mpya iliyojazwa kijivu cha asilimia 50, uiweke katika hali ya mwanga laini (Soft Light). Chukua brashi kubwa laini, mtiririko asilimia 3 hadi 5, na uchore kwa nyeupe pale ambapo mwanga umeshagusa: mfupa wa shavu, kingo za pua, ukingo wa juu wa sikio. Kwa nyeusi, zidisha vivuli vilivyopo: chini ya taya, shimo la sikio, mikunjo ya shingo. Fuata mwanga uliokuwepo, usibuni mpya. Dakika 20 zatosha. Zima leya na uiwashe, na kama mabadiliko yanakurukia machoni, punguza uzito wake hadi asilimia 60.

Jicho liongezewe robo stopu tu, kwenye sehemu ya rangi iliyo mkabala na ile nukta ya mwanga. Macho yanayowaka kama taa za gari ndiyo kosa tunaloliona zaidi kuliko yote, na humwondolea mnyama heshima yake.

Chenga, yaani vidoti vya fujo vinavyotokea gizani, ziondolewe kabla ya kunoa, nazo zitolewe zaidi nyuma kuliko usoni. Kunoa kuwe usoni pekee. Giza lililolainishwa kupita kiasi huvunjika kuwa mistari kama ngazi, hasa kwenye simu. Fanya kazi katika biti 16 na urudishie chenga chache laini nyuma mwisho kabisa. Kwa mtandaoni toa JPEG ya sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni) yenye pikseli 2048 upande mrefu.

Kuchapisha ndiko kunakoumbua. Kwa A3 yenye pikseli 300 kwa inchi unahitaji pikseli 4961 kwa 3508. Karatasi isiyong'aa humeza vivuli, hivyo giza lako la nyuma lisikae sifuri. Liache karibu na 10 kati ya 255. Na kama umehariri na mwanga wa kioo cha kompyuta ukiwa mwisho, karatasi itatoka nyeusi kama makaa hata kwa fundi hodari. Punguza mwanga wa kioo kwanza, hariri upya, kisha agiza kipande cha A4 cha majaribio. Kitazame barazani mchana, halafu ukitundike ukutani ukitazame usiku chini ya taa ya chumba ambamo picha itakaa. Shavu likipotea usiku, ongeza stopu robo usoni na uchapishe A4 nyingine kabla ya kulipia kubwa.