Vijana wa kujitolea na maji ya bamvua

Jamani, Sahare kule Tanga pwani tulienda kupanda mikoko, nikawaambia vijana saa mbili asubuhi maana siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu bahari inapojaa na kupwa sana, maji yanakupwa mida ya saa nne hivi halafu yanarudi fasta, wakaja wawili tu, wengine saa sita na baiskeli zao wanacheka huku maji yashafika magotini! Nikataka kufoka, mmoja akanambia, "Dada, buti pea tatu tunagombania, chai hakuna, kazi yetu kubeba ndoo tu." Ikanichoma. Basi ratiba ya maji nikamwachia binti wa fomu foo, na nauli natoa siku hiyohiyo. Bamvua iliyofuata, saa moja na nusu simu inaita: "Dada uko wapi, sie tushafika."