Siku moja maishani mwangu: kupima kompresheni ya injini ya roteri, Mtwara

Saa 1 asubuhi. Nishafungua gereji hapa Chikongola, chai na chapati kwa mama ntilie, afu moja kwa moja kwenye betri, ililala kwenye chaja usiku kucha. Leo betri ndo kila kitu, mana ndo inayozungusha stata wakati wa kupima. Kuna Mazda RX-8, gari lenye injini ya roteri, ya kaka mmoja wa Mikindani, aliinunua Dar, ikiwa ya baridi inawaka vizuri kabisa, ila ikishapata moto ukaizima haiwaki tena mpaka ipoe. Kaambiwa ni stata, kabadilisha, wapi. Akaambiwa injini imekufa atafute ya mtumba. Nikamwambia kaka usitoe hela yoyote, kwanza tupime kompresheni, yaani injini inabana hewa kwa nguvu kiasi gani.

Saa 2. Dogo anayejifunza kwangu hajawahi kuona hii kitu, akaniuliza fundi mbona sioni valvu. Hamna valvu, hamna pistoni. Ndani kuna roteri mbili za pembetatu, kila moja ina pande tatu na kila upande unavuta, unabana, unalipua na kutoa moshi kwa zamu yake, na kwenye kila ncha kuna sili, yaani kizibo chembamba, inayosugua ukuta muda wote. Kwa hiyo tunapima vyumba sita, sio viwili. Wazo ni la Mjerumani Felix Wankel, kampuni ya NSU wakaliingiza kwenye gari la kuuza mwaka 1964, Mazda wakafuata 1967 na gari lao la Cosmo, na wao ndo wakaing'ang'ania mpaka 1991 wakashinda mbio za magari za Le Mans na gari lao la 787B. Dogo macho yakamtoka, na mimi hapo napenda, mana injini hii inastahili heshima kuliko inavyopewa mitaani.

Saa 3. Tukaiwasha mpaka ikapata moto wake wa kawaida, kupima ya baridi hakusaidii hasa kwa ugonjwa kama huu. Tukazima, tukatoa fyuzi ya pampu ya mafuta, tukachomoa koili. Plagi zimejificha chini ubavuni, ukivua tairi la mbele kushoto unazifikia. Kila roteri ina plagi mbili, ya juu na ya chini, na hazifanani, kwa hiyo tunaziweka alama zisije zikachanganyika wakati wa kurudisha.

Saa 4. Hapa sasa. Geji tunafunga kwenye tundu la plagi ya juu, dogo anakanyaga mafuta mpaka chini, anapiga stata. Roteri ya mbele ikasoma 104 psi (kipimo cha msukumo wa hewa), ya nyuma 101. Kitabu cha hii injini kinasema mpya ni 120 hivi na chini ya 99 hivi haifai, kwa stata inayozungusha mizunguko 250 kwa dakika. Mtu akiishia hapo atasema injini ni nzima, haina tatizo! Lakini geji ya kawaida ina kivalvu ndani kinachoshikilia namba kubwa kuliko zote, yaani umesoma upande mmoja ulio bora, zile mbili dhaifu zimejificha nyuma yake.

Kwa hiyo nikatoa kile kivalvu, nikaweka simu mbele ya geji narekodi video, piga tena. Bila kivalvu mshale hautulii, unaruka na kurudi, mruko mmoja kwa kila mzunguko wa shafti. Roteri ya mbele miruko yote sawasawa. Ya nyuma, mmoja mrefu, miwili mifupi, mmoja mrefu, miwili mifupi, hata kwa sikio unasikia pumzi zinapishana. Mshale hauwezi kukimbia na hiyo kasi ndo mana namba za miruko siziamini sana, naamini ulinganifu. Nikahesabu kwenye video miruko 41 ndani ya sekunde 10, sawa na mizunguko 246 kwa dakika, kwa hiyo stata haina kosa lolote. Na hapa tupo usawa wa bahari, hamna cha kuongeza kwenye namba, gari hilihili ungelipima Mbeya lingesoma chini zaidi kwa sababu ya hewa.

Saa 7 swala, ugali na changu. Saa 8 breki za bajaji, zimeisha haraka.

Saa 10 mwenye gari akafika, nikamwonyesha video. Fundi sasa hiyo maana yake nini? Nikamwambia kaka, sili ya ncha inatenganisha vyumba viwili, ikichoka moja vinavuja vyote viwili, ndo hiyo miwili mifupi. Ingekuwa sili ya ubavuni ungeona mmoja tu. Ikiwa ya baridi oili inasaidia kuziba, ikipata moto oili inakuwa nyepesi basi haiwaki. Akauliza na kule kunywa oili? Hiyo imetengenezwa iwe hivyo, kuna pampu inadondoshea sili oili makusudi, kila ukijaza mafuta pima oili. Alikuwa anaendesha bila kuangalia kabisa, inauma.

Tumekubaliana gari lisitembee, sili ikivunjika inakwangua ukuta na hapo gharama ni nyingine kabisa. Kesho anapigia watu wa spea Dar, sili za roteri zote mbili na gasketi zake, na injini hatuishushi mpaka mzigo ufike, mana kuiacha wazi kwenye hewa yetu hii ya chumvi kutu haichelewi.