Nilivyomaliza ugomvi wa waifai bila kumfukuza Babu

Nyumba yetu ya kupanga huku Mbezi ina vyumba vinane na tunachangia intaneti moja, elfu kumi na kitu kila chumba kwa mwezi. Ilikuwa kila jioni Babu wa chumba cha uani akifungua kompyuta yake ya zamani, nyumba nzima inakwama. Watu wakaamini anapakua vitu vizito, wengine wakataka atolewe kwenye mchango. Iliniuma sana. Babu husoma magazeti tu, na analipa sawa na sisi.

Ushauri wa kwanza ulikuwa tuongeze kifurushi. Tukaongeza, hela ikaenda bure. Fundi mmoja akasema tununue ripita, kifaa kinachopokea waifai na kuirusha tena mbali zaidi, elfu hamsini na ushee. Jioni ya kwanza mtandao ukasoma umejaa kwenye kila simu, tukashangilia. Ya pili hali ikawa mbaya kuliko mwanzo, maana ripita ile ilipokea na kurusha kwenye chaneli (njia ya hewani) ileile, kila kitu kikipita hewani mara mbili. Nikamwekea kila mtu kikomo cha megabiti (Mb) 2 kwa sekunde. Wapi! Babu hakuwahi hata kuzifikia.

Ndipo nikamwomba Babu kompyuta yake. Nikaishika sebuleni karibu na ruta, ikipakua faili, huku kaka wa chumba cha tatu akiangalia mpira kwenye simu. Shwari. Nikaanza kutembea kuelekea uani, hatua kwa hatua. Nilipopita ukuta wa pili wa tofali akapiga kelele, "Imeganda!" Nikarudi upande wa ruta, mpira ukaendelea. Nikaenda tena uani, ukaganda. Tulirudia mara tano na majirani wakatoka kushuhudia. Ukurasa wa ruta ulionyesha kasi ya kompyuta ileile ikishuka kutoka Mb 54 hadi Mb 1 kwa sekunde.

Waifai hugawa zamu, haigawi muda. Kila kifaa husikiliza kwanza, hewa ikiwa kimya kinasubiri kidogo kisha kinatuma kipande kimoja cha data. Kipande cha baiti 1500 ni biti 12,000: kwa Mb 1 kinakalia hewa milisekunde 12, kwa Mb 54 kama robo ya milisekunde. Ni kisima ambacho kila mtu anajaza ndoo moja kwa zamu, ila mmoja anajaza kwa kikombe.

Nikatundika ruta kwenye korido kwa waya wa mita kumi na tano hivi, nikazima kasi za kizamani za Mb 1 na 2 (hakikisha kwanza hakuna kifaa kinachozitegemea), nikahamia chaneli 11 kwa kuwa majirani wamejazana kwenye 6. Halafu nikaweka OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta. Ruta yetu ina chipu ya Atheros, ambayo programu yake ya Linux, ath9k, tangu 2017 huvigawia vifaa muda wa hewani badala ya zamu. Hilo ni kwa kinachotoka kwenye ruta, lakini nyumbani karibu kila kitu hushuka kutoka huko.

Ripita niliiuza kwa hasara. Mwezi uliofuata tulichanga vyumba vyote vinane, na Babu ndiye aliyetangulia kulipa.